Makumbusho yasianze na msumeno

Mhariri,

Kila maandamano makubwa yanapotulia, swali lile lile hurudi: michoro iliyobaki kwenye kuta, kwenye mbao za kuzibia madirisha na kwenye nguzo ipelekwe makumbusho, au iachiwe jua na mvua? Anayetaka ipelekwe husema hiyo ni historia na historia haiachwi nje. Anayepinga husema mchoro uliochorwa kuwakera wenye mamlaka, ukishaingizwa kwenye jengo lao na kuwekewa taa na mlinzi, umeng'olewa meno. Wote wawili huzungumzia mchoro kana kwamba ni picha ya fremu inayosubiri kutundikwa upya. Kinachohamishwa hasa ni zege, plasta, plaiwudi au karatasi, na juu yake utando wa rangi ambao mara nyingi haufikii unene wa unywele. Niuseme msimamo wangu mapema: makumbusho yakusanye kwa bidii vitu vinavyobebeka pamoja na kumbukumbu zake, lakini ukuta yauache ulipo mpaka njia nyingine zote zishindikane.

Nianze na ukuta, maana ndio unaoharibiwa zaidi kwa nia njema. Mafundi wa Italia wana mbinu za miaka mingi za kuondoa picha ukutani. Ya kwanza ni kubandika vitambaa juu ya picha kwa gundi ya wanyama. Gundi ikikauka husinyaa na kung'oa tabaka la rangi peke yake. Ya pili huchukua rangi pamoja na plasta. Ya tatu hukata ukuta wenyewe. Ile ya kwanza ilibuniwa kwa picha ambazo rangi yake imekaukia ndani ya chokaa. Rangi ya kopo la kupuliza inakaa juu tu, na chini yake huwa kuna rangi za nyumba za miaka kumi au ishirini zilizopakwa moja juu ya nyingine. Ukivuta, utengano hutokea kwenye tabaka lililo dhaifu kuliko yote, na si lazima liwe lile unalolitaka. Unachopata ni picha bapa juu ya kitambaa, isiyo na nyufa za ukuta wala maandishi ya zamani yaliyokuwa chini yake.

Machi 2016, mchoraji wa Italia anayejulikana kwa jina la Blu alifuta michoro yake iliyokuwa imebaki kwenye kuta za Bologna, kazi ya takriban miaka ishirini. Aliifunika kwa rangi ya kijivu akisaidiwa na wanaharakati wa mji huo, kwa sababu maonyesho makubwa yalikuwa karibu kufunguliwa yakiwa na vipande vya michoro yake vilivyong'olewa bila ridhaa yake. Waandaaji walidai wanaokoa kazi zilizokuwa kwenye majengo yanayosubiri kubomolewa, na kwa upande wa ufundi walikuwa na hoja. Hata hivyo, uokoaji wa vipande vichache uliugharimu mji michoro yote iliyobaki. Mtunza makumbusho yeyote anapaswa kuipiga hesabu hiyo kabla hajaita mafundi.

Kukata ukuta mzima nako kuna hesabu yake. Kipande cha zege chenye upana wa mita 2, kimo cha mita 1.5 na unene wa sentimita 20 kina ujazo wa mita za ujazo 0.6. Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hapo una kilo 1,440 kabla hujaongeza fremu ya chuma. Kipande kimoja cha Ukuta wa Berlin, chenye kimo cha mita 3.6 na upana wa mita 1.2, kinapita tani mbili na nusu. Sakafu nyingi za kumbi za maonyesho zilijengwa kubeba kilo 400 hadi 500 kwa mita ya mraba. Ndiyo maana vipande vingi huishia uani au kwenye ghala, yaani kwenye mvua ile ile iliyokimbiwa au kwenye giza lisilo na mtazamaji.

Ikibidi kukata, mpangilio hauruhusu njia ya mkato. Mhandisi aangalie kwanza kama ukuta unabeba jengo, nondo zimepita wapi, na kama kuna nyaya au mabomba. Kisha rangi ijaribiwe pembeni, mahali padogo kuliko kucha, kwa pamba yenye maji, halafu spiriti, halafu asetoni. Rangi nyingi za kopo huyeyuka au huvimba zikiguswa na asetoni, na wino wa kalamu nene hutawanyika hata kwa spiriti au maji. Majibu hayo ndiyo yanayoamua gundi ya kubandikia karatasi ya kinga juu ya mchoro. Kawaida hutumika karatasi nyembamba ya Kijapani, tabaka mbili, kwa gundi hafifu ya maji ya selulosi. Rangi isiyostahimili maji hufunikwa kwa siklododekani, nta ambayo hugeuka gesi yenyewe baada ya siku au wiki kadhaa bila kuacha kitu. Juu ya hapo huwekwa shashi, sponji, kisha ubao uliobanwa kwa vyuma.

Msumeno wa almasi upite nje ya mchoro kwa sentimita 10 hadi 15, na inapowezekana ukate kutoka nyuma. Kosa linalorudiwa mno liko kwenye maji ya kupoza msumeno. Yanachanganyika na unga wa saruji na kuwa tope kali la alkali linaloteremka juu ya picha. Rangi zenye asili ya mafuta, na nyingi za makopo zimo kundini humo, hugeuzwa sabuni na alkali: zinalainika, zinapauka, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Mchoro ufunikwe kwa plastiki iliyozibwa kingo zote na tope lipewe mfereji wake, au fundi akate pakavu huku kifyonza vumbi kikifanya kazi. Kosa la pili hutokea kwenye pembe, msumeno unapopitiliza. Ufa huanzia hapo na kuingia kwenye picha wakati wa kunyanyua. La tatu huonekana baadaye, kipande kikishaingizwa kwenye ukumbi mkavu. Unyevu uliomo hutoka upesi kupitia uso wa mbele, chumvi inausindikiza, na unga mweupe unaibandua rangi kutoka chini. Ukuta uliokatwa ukaushwe polepole kwa miezi, na ncha za nondo zizibwe, la sivyo kutu itazivimbisha na kulipasua zege.

Kuhusu sheria sitakaa sana, ila jambo moja husahaulika: mwenye ukuta, mpangaji na mchoraji ni watu watatu tofauti. Mwaka 2014 Banksy, mchoraji wa mitaani anayeficha jina lake halisi, alichora mchoro kwenye jengo huko Folkestone, Uingereza. Mpangaji aliukata ukuta, mchoro ukapelekwa Marekani kutafutiwa mnunuzi, na mwaka 2015 mahakama ikaamua kwamba kipande kile kilikuwa mali ya mwenye jengo. Ujerumani, mahakama kuu ya shirikisho iliamua mwaka 1995 kwamba waliochora Ukuta wa Berlin walistahili sehemu ya fedha zilizopatikana vipande vilipouzwa, ingawa ukuta haukuwa wao. New York, wenye jengo la 5Pointz, ambalo kuta zake zilijaa michoro ya mitaani, waliifunika michoro hiyo kwa rangi nyeupe usiku mmoja wa Novemba 2013. Mwaka 2018 mahakama iliwapa wachoraji 21 fidia ya dola milioni 6.75 kwa kazi 45, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi huo. Lakini kazi hizo zilichorwa kwa ruhusa. Aliyechora usiku akikimbizwa na polisi hawezi kwenda mahakamani kudai haki yake bila kujitaja, na makumbusho yasiitumie hofu yake kama njia ya kupata kitu cha bure.

Ukuta unaobaki mahali pake unaweza kutunzwa kwa njia zaidi ya moja. David Alfaro Siqueiros, mchoraji wa Meksiko, alichora América Tropical mtaa wa Olvera, Los Angeles, mwaka 1932: mzawa wa bara la Amerika amesulubiwa, na juu ya msalaba ametua tai wa Marekani. Haukupita muda mrefu mchoro ukafunikwa kwa rangi nyeupe. Miongo mitatu na zaidi baadaye rangi hiyo ilianza kubanduka na mchoro ukachungulia. Ulipofunguliwa kwa umma Oktoba 2012, baada ya kazi ya taasisi ya uhifadhi ya Getty na jiji, hakuna aliyeupaka rangi upya. Plasta iliimarishwa, paa na kinga za jua zikajengwa, na jukwaa la kutazamia likawekwa. Mtazamaji anaona mabaki yaliyopauka, na mpauko ule ni ushahidi wa kilichofanywa. Santiago, nchini Chile, mchoro wa mwaka 1971 wa Roberto Matta, mchoraji wa Chile, na vijana wa Brigada Ramona Parra, kikundi cha wachoraji wa kuta wa chama cha kikomunisti, ulifunikwa baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1973 kwa tabaka za rangi zipatazo 16, lakini ulifunuliwa na kurudishwa kwa wananchi mwaka 2008.

Kwa hiyo kabla hujaandika kwamba mchoro "umeharibiwa kabisa", chunguza. Mulika taa kutoka ubavuni uone kingo za rangi iliyo chini, kisha fungua dirisha la sentimita mbili kwa kisu cha upasuaji. Chokaa au rangi hafifu ya maji juu ya rangi ya mafuta huwa inabanduka kwa subira. Akriliki, yaani rangi ya plastiki, juu ya akriliki ndiyo shida yenyewe, kwa sababu kiyeyushi kinacholegeza ya juu hulegeza na ya chini.

Njia nyingine ni kupaka upya. Kona ya Free Derry, katika mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, ina maneno "Sasa unaingia Derry Huru" yaliyoandikwa kwa Kiingereza Januari 1969 kwenye ukuta wa mwisho wa safu ya nyumba. Nyumba zilibomolewa, ukuta ukaachwa umesimama peke yake, na wenyeji wamekuwa wakiyapaka maneno hayo upya tangu hapo, mara nyingine wakibadilisha rangi ya ukuta kuunga mkono jambo la wakati huo. Rangi ya kwanza haipo tena na hakuna anayelalamika. Mjini Berlin, East Side Gallery, sehemu ya Ukuta wa Berlin iliyobaki na kuchorwa, yenye urefu wa kilomita 1.3, ilipakwa upya mwaka 2009: rangi ya 1990 ikaondolewa, zege likatengenezwa, na wachoraji wakaitwa kurudia kazi zao. Baadhi yao walikataa. Anayepiga picha leo mbele ya mchoro wa busu la Brezhnev, kiongozi wa Sovieti, na Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, anapiga picha ya kazi ya 2009. Sioni aibu katika hilo, mradi kibao kiseme hivyo waziwazi, na vibao vingi vya aina hii havisemi.

Sasa nije kwenye mbao, ambazo kwa maoni yangu ndizo kazi halali ya makumbusho. Mwaka 2020, baada ya George Floyd, Mmarekani Mweusi, kuuawa na polisi mjini Minneapolis, maduka ya miji mingi ya Marekani yalizibwa kwa plaiwudi na plaiwudi hizo zikachorwa. Mbao zenyewe zilikuwa za muda tangu mwanzo. Mwenye duka akifungua dirisha, ubao unakwenda jalalani. Kuuchukua hakumnyang'anyi mtu yeyote kitu mtaani.

Ubao wa kawaida wa mita 1.22 kwa 2.44, wenye unene wa milimita 12, una uzito wa kilo 20 hivi; wa milimita 18 unafikia kilo 30. Mbao mia moja ni tani mbili, na ukiacha nafasi kati ya ubao na ubao unahitaji rafu yenye urefu wa mita nne hivi. Tafuta nafasi hiyo kwanza, ndipo uazime lori. Kabla ya kufungua skrubu, piga picha ya dirisha lote na jirani zake, kisha andika namba nyuma ya kila ubao kwa penseli, ukitaja jengo, upande na mpangilio. Mchoro uliovuka mbao sita ukichanganywa ghalani huchukua siku nyingi kupangwa tena. Skrubu zifunguliwe kwa mashine kwa kasi ndogo. Ubao uliopigiliwa misumari usukumwe kutoka nyuma. Ukiung'oa kwa nyundo kutoka mbele, tabaka la juu la mbao litatoka na rangi yake.

Vaa glavu na barakoa ya kuzuia vumbi laini, siyo ya kitambaa. Masizi na unga wa gesi ya machozi hukaa kwenye nyufa za mbao kwa muda mrefu na huamka unapopiga brashi.

Mbao zisimame wima, wala nyuso zilizochorwa zisigusane kamwe. Akriliki haikauki ikawa ngumu kabisa. Kwenye joto la kawaida la chumba bado ina ulaini, na mbao mbili zikilazwa pamoja huganda. Plastiki ya viputo nayo isiguse rangi, kwani huacha alama za miduara zisizofutika. Weka vipande vya kutenganisha kwenye pembe, na pale inapobidi kitu kiguse uso, tumia karatasi yenye silikoni. Ubao uliolowa ukaushwe kivulini, hewa ikizunguka pande zote mbili. Ukiuanika juani, upande usio na rangi hukauka haraka kuliko uliopakwa, ubao unajikunja na gundi ya tabaka zake inaachia kuanzia kingoni. Unyevu wa ghala uwe kati ya asilimia 45 na 55. Ukikaa juu ya 65 muda mrefu, tarajia kuvu. Mbao zenye dumuzi zifungwe ndani ya plastiki na kugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ziachwe zimefungwa siku nzima baada ya kutolewa ili maji yasijitengeneze juu ya rangi. Zikiwa za baridi zisigongwe, maana akriliki huwa rahisi kupasuka wakati huo.

Kisha kuna suala la kuchagua. Makumbusho hupenda ubao wenye sura iliyochorwa vizuri. Ule wenye matusi, namba ya simu ya wakili, au tangazo kwamba duka ni la Mweusi na tafadhali lisiguswe, huachwa. Ukiniuliza, huo wa mwisho unaeleza hofu ya wiki ile kuliko picha kumi nzuri. Vivyo hivyo kwa maandishi yaliyopigwa juu ya mchoro na mtu aliyeukataa: yasisafishwe. Sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, ilipoangushwa na kutupwa bandarini Bristol, Uingereza, tarehe 7 Juni 2020, wahifadhi waliondoa tope la bandari lakini wakaitunza rangi iliyopuliziwa na waandamanaji. Mwaka uliofuata ilionyeshwa katika makumbusho ya M Shed ikiwa imelazwa, pamoja na mabango ya siku ile. Huo ni uhifadhi wa ugomvi wenyewe, na ndio ninaoutetea.

Mabango ya karatasi yaliyobandikwa kwa uji wa unga msipoteze muda kuyabandua. Tafuteni nakala ambayo haijabandikwa, na zaidi ya hapo tafuteni stensili. Kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa wembe, chenye gamba la rangi ya matumizi mengi, kinaonyesha jinsi kazi ilivyofanywa haraka na kurudiwa, na kinaingia kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi. Wakati wa maonyesho, karatasi na wino wa kalamu visizidishiwe mwanga wa luksi (kipimo cha mwangaza) 50. Rangi zinazong'aa kama taa hufifia nje kwa miezi tu, na ndani pia hazina maisha marefu.

Pasipo cha kubeba, kumbukumbu ndiyo kazi yote. Michoro ya maandamano katika mtaa wa Mohamed Mahmoud, Cairo, Misri, ilipakwa rangi na wafanyakazi wa serikali Septemba 2012, na haukupita muda wachoraji wakarudi kuchora juu yake. Hapo kazi ilikuwa mfululizo, na kipande kimoja kilichokatwa kisingeweza kuueleza. Kinachohitajika ni picha za tarehe mbalimbali zilizopigwa kutoka sehemu ile ile: moja ya mtaa mzima, moja iliyonyooka mbele ya mchoro ikiwa na rula na kadi ya rangi, kisha za karibu zinazopishana kwa asilimia 60 hadi 80 ili kompyuta iweze kuunda umbo la ukuta. Hifadhini faili ghafi, yaani zile za kamera kabla hazijahaririwa. Nyuso za watu zifichwe kwenye nakala za umma, na mahali na saa vifutwe kwenye faili zinazosambazwa, kwa kuwa hazina ya picha za waandamanaji ni hazina ya ushahidi kwa anayetaka kuwakamata.

Mwisho, hati ya makabidhiano. Iandikwe kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa, na iseme nani ametoa, ana haki gani ya kutoa, na mchoraji anataka kutajwa kwa jina gani au asitajwe. Iseme kwamba kitu hakitauzwa, na kwamba mtaa kilikotoka una haki ya kukiazima bila malipo. Iseme pia nani ataulizwa makumbusho yakibadilisha uongozi au yakiagizwa kukiondoa. Kipengele hiki cha mwisho wengi hukiona cha ziada. Lakini maneno ya manjano ya Black Lives Matter (Maisha ya Weusi Yana Thamani) yaliyochorwa barabarani Washington Juni 2020, kwa baraka za meya, yalianza kuchimbuliwa na jiji lenyewe Machi 2025.

Mhifadhi wa kazi za sanaa